SOMO LA AFYA: DAWA INAPOLETA JONGO



Katika 2 Mambo ya Nyakati 16:12 twasoma habari za mfalme Asa, aliyeugua miguu, akawaendea waganga bila kumtafuta Bwana. Wako wanaolitumia fungu hili kuwakataza wagonjwa wasiende hospitali. Asa hakukosea kwa kutibiwa. Alikosea kwa kumwacha Mungu. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu.

Mwezi huu tujifunze ugonjwa mmoja wa miguu. Mtu hulala mzima; usiku wa manane kidole gumba cha mguu kinavimba na kuwaka moto, hata shuka likikigusa ni maumivu. Hapa kwetu Ufipa majirani hunong'ona kwamba amekanyaga dawa aliyotegewa. Lakini jina Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa "tupa uchawi". Basi na tuutupe, tutazame sababu.

JONGO NI NINI?

Damu yetu hubeba taka iitwayo asidi ya yuriki. Figo huichuja, ikatoka kwa mkojo. Ikizidi, huganda kuwa chembe kali kama sindano ndani ya viungo, hasa vidole vya miguu, kwa kuwa huko ndiko kwenye baridi. Huo ndio ugonjwa wa jongo, au gauti.

DAWA ZAHUSIKAJE?

Dawa nyingine huzizuia figo kuitoa taka hiyo. Tuzijue hizi:

(a) Pirazinamaidi, mojawapo ya dawa nne za kifua kikuu zitolewazo pamoja miezi miwili ya kwanza. Mara nyingi huleta maumivu ya viungo tu, wala si jongo kamili.

(b) Vidonge vya kukojoza vya wagonjwa wa presha na moyo, kama haidroklorothiazaidi na furosemaidi.

(c) Aspirini ndogo ya kila siku ya kulinda moyo.

HATARI ILIYO KUBWA

Hatari kubwa haiko kwenye kidole. Ni pale mgonjwa asemapo, "Dawa hii itaniua," akaitupa. Aachaye dawa za kifua kikuu kabla ya kumaliza, ambayo kwa kawaida ni miezi sita, aweza kurudiwa na ugonjwa uliokwisha kuzizoea dawa, akawaambukiza watoto wanaolala naye chumba kimoja. Aachaye vidonge vya presha aweza kupooza ghafula.

Tena tiba ipo. Maumivu ya pirazinamaidi kwa kawaida hutulizwa kwa dawa ya maumivu, na matibabu yakaendelea. Baada ya miezi miwili dawa hiyo huondolewa, zikabaki mbili kwa miezi minne. Mwenye presha naye aweza kubadilishiwa kidonge; ipo losatani, inayoshusha presha na asidi hiyo pia. Lakini wa kubadilisha ni daktari, si sisi wenyewe.

TUFANYE NINI?

1. Turudi zahanati mapema na kadi yetu na dawa zote tunazokunywa, za dukani na za miti shamba pia. Tusifiche hata moja.

2. Mwenye presha, ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo asijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni. Zaweza kumdhuru.

3. Tuupumzishe mguu, na tuweke kitambaa kilicholowa maji baridi.

4. Tunywe maji ya kutosha, isipokuwa yule aliyepimiwa maji kwa ajili ya moyo au figo.

5. Tuache pombe, iwe bia au ya ulezi. Tupunguze maini, figo na dagaa. Maharage tusiyaogope.

6. Kiungo kikivimba pamoja na homa, au macho yakiwa ya manjano, twende hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, yuko jirani yetu aliyeacha dawa kwa sababu ya maumivu? Nani atamsindikiza zahanati?

2. Tukimwambia mgonjwa kwamba amerogwa, twamsaidia au twamchelewesha?

3. Twawezaje kumwomba Mungu na kumsikiliza daktari kwa pamoja?

Bwana awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi moyo wa kuwatembelea. Amina.