Msamiati wa Ladha: Funzo la Istilahi kutoka Taasisi ya Mvinyo na Chakula ya Davis

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili aghalabu huegemea sayansi, sheria na kompyuta. Uwanja wa ladha na harufu husahaulika, ilhali hakuna siku ipitayo mtu asionje wala asinuse. Makala haya yanaichunguza Taasisi ya Robert Mondavi ya Sayansi ya Mvinyo na Chakula, iliyo katika Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, kwa nia ya kubainisha uhusiano uliopo baina ya shughuli zake za kimsimu na msamiati wa ladha. Hoja kuu ni kwamba istilahi hushika mizizi pale wanaoitumia wanapokuwa wamekubaliana kwanza juu ya kitu chenyewe.

2. Taasisi na Misimu Yake

Mwaka 2001, Robert Mondavi, mtengenezaji mashuhuri wa mvinyo wa bonde la Napa, na mkewe Margrit walitoa dola milioni 25 za kuanzisha taasisi hiyo. Majengo yake yalifunguliwa mwaka 2008, miezi michache baada ya Mondavi kufariki.

Maisha ya taasisi hufuata kalenda ya mashamba. Mwezi Februari milozi huchanua, na nyuki huhitajika kote California. Aprili, chuo hukaribisha umma katika Siku ya Pikiniki, desturi iliyoanza mwaka 1909. Msimu wa asali nao una sherehe yake: Tamasha la Asali la California lilianza mwaka 2017 katika mji jirani wa Woodland, kwa ushirikiano na kituo cha asali cha chuo. Kuanzia Agosti huja mavuno ya zabibu, kisha zeituni.

Zeituni zenyewe zina kisa. Mizeituni iliyopandwa kando ya njia za chuo ilidondosha matunda yaliyowatelezesha waendesha baiskeli. Mwaka 2005 chuo kikaanza kuuza mafuta yaliyokamuliwa kutokana na matunda hayo. Kero ikageuka bidhaa, na mwaka 2008 kikazaliwa kituo cha utafiti wa zeituni.

3. Gurudumu la Harufu

Kabla ya taasisi kuwapo, chuo kilikuwa tayari na hazina ya kilugha. Mwaka 1984, Ann Noble, mwanasayansi wa Davis, alitoa gurudumu la harufu za mvinyo. Katikati yake mna makundi 12 ya jumla. Kadiri msomaji anavyoelekea ukingoni, ndivyo maneno yanavyozidi kuwa mahususi. Kwa mfano, kutoka kundi la matunda mtu hufikia jamii ya michungwa, kisha balungi au limau.

Gurudumu hilo lina kanuni mbili. Kwanza, maneno ya kusifu, kama vile “nzuri” au “ya kifahari”, hayaruhusiwi, kwa kuwa humweleza mnusaji badala ya kinachonuswa. Pili, neno hufungamanishwa na kielelezo: maji kidogo ya limau hutiwa katika mvinyo wa kawaida, wote wakanusa, ndipo wakakubaliana kuhusu jina. Mwaka 2014 kituo cha asali kilitoa gurudumu la asali kwa mkabala uo huo.

4. Uzito wa Neno Sokoni

Je, kuna hasara gani maneno yasipokuwapo? Mwaka 2010 kituo cha zeituni kilichunguza mafuta yaliyouzwa California kwa jina la daraja la juu kabisa. Asilimia 69 ya sampuli kutoka ng'ambo, na asilimia 10 ya zile za California, hazikufikia viwango vya ladha na harufu. Ni kweli kwamba utafiti huo ulifadhiliwa kwa kiasi na wazalishaji wa California wenyewe, hivyo matokeo yake yasomwe kwa tahadhari. Hata hivyo, unadhihirisha jambo moja: waonjaji waliweza kuyakataa mafuta kwa sababu walikuwa na majina ya kasoro, kama vile kuchacha na kunuka ukungu, yaliyokubaliwa kabla ya kuonja.

5. Funzo kwa Kiswahili

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Kina ukakasi wa bibo na ndizi mbichi, ugwadu wa ukwaju, shombo la samaki, na chakula kilicho chapwa. Kinachokosekana ni mpangilio. Mfugaji nyuki wa Baringo au Kitui anayesema asali yake “ni tamu” hajaitofautisha na asali nyingine yoyote. Mnunuzi hana sababu ya kumwongezea bei.

Isitoshe, kazi nyingi za istilahi, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990), zilianza na neno la Kiingereza na kulitafutia kisawe. Njia hiyo imetufaa, lakini katika ladha haitoshi. Kutafsiri gurudumu la Davis kungetuletea majina ya matunda ambayo wengi wetu hawajayaonja. Linalofaa kuigwa ni utaratibu: kitu kwanza, makubaliano yafuate, neno liwe la mwisho.

6. Hitimisho na Zoezi

Makala haya yameonyesha kuwa msamiati wa ladha ni nyenzo ya elimu na ya riziki. Wanafunzi wa istilahi wanaweza kuanza kwa hatua ndogo:

(a) Kusanyeni asali za maeneo matatu na mzionje pamoja.
(b) Kila mmoja aandike maneno matano, pasipo neno la kusifu.
(c) Linganisheni orodha, na kila neno litolewe kielelezo: ua, tunda, moshi au kiungo.
(d) Neno lisilo na kielelezo liachwe.