NGUVU ZA MFANYAKAZI HUANZA TUMBONI MWA MAMA



Katika mashamba ya chai na ya miwa, na hata viwandani, tumezoea kumsikia nyapara akisema kwamba fulani ni mvivu na fulani ana mikono ya chuma. Watu wawili wana umri mmoja na urefu mmoja, wanaishi katika kambi moja. Huyu anamaliza kipande chake saa sita mchana, yule bado anakokota miguu hadi saa tisa. Sababu ni nyingi. Labda ana malaria, labda alilala njaa, labda panga lake ni butu. Lakini iko sababu moja ambayo wengi wetu hatujapata kuifikiria, nayo ni jinsi mtu alivyokua kabla ya kuzaliwa. Somo letu la toleo hili ni hilo.

Kwanza tujue misuli ni kitu gani. Wenzetu wa viwanda vya nguo na wale wanaosokota kamba wataelewa upesi. Msuli umefanywa kwa nyuzi nyembamba sana zilizolala pamoja kama nyuzi za kamba ya katani. Kamba yenye nyuzi nyingi na nene hubeba mzigo mkubwa. Yenye nyuzi chache hukatika mapema. Sasa nyuzi za misuli ya binadamu huundwa wakati wa mimba. Mtoto anapozaliwa, idadi yake karibu imekwisha timia. Baada ya hapo mtoto anaponyonya, anapokula na kucheza, na baadaye anapofanya kazi, nyuzi zile zile hunenepa na kurefuka. Idadi yake haiongezeki sana.

Chakula na hewa safi humfikia mtoto kwa njia ya damu inayopita katika kondo la nyuma. Ikiwa kinachofika ni kidogo, mwili wa mtoto hugawa kwa mpango wake. Ubongo na moyo hupewa kwanza, kwa sababu bila hivyo hakuna uhai. Misuli hupata masalio. Ni kama nyumba yenye unga wa siku moja na siku tatu za kungoja mshahara: kila mtu anajua nani atakula kwanza na nani ataambiwa asubiri. Wafugaji wa nguruwe wanakijua kile kitoto kidogo kabisa cha uzao mmoja. Wataalamu walipohesabu nyuzi zake waliona kwamba mara nyingi ni chache kuliko za ndugu zake, ijapokuwa mama ni mmoja na siku ya kuzaliwa ni moja.

Je, jambo hili liko kwa binadamu pia? Hapa tutakwenda Uingereza, katika jimbo la Hertfordshire, kwa maana huko ndiko uzito wa watoto uliandikwa mapema na vitabu vikatunzwa.

Mwanzo wa habari hii haukuwa huruma. Wakati wa vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, vilivyokwisha mwaka 1902, vijana wengi wa Kiingereza waliojitokeza kuwa askari walikataliwa kwa sababu miili yao ilikuwa dhaifu. Walikuwa watoto wa wafanyakazi, waliokulia katika mitaa michafu ya miji ya viwanda. Serikali ilishtuka, na mwaka 1904 kamati yake ilitoa taarifa juu ya kudhoofika kwa miili ya wananchi. Tusishangae: mwenye kutafuta askari na mwenye kutafuta vibarua, wote wawili hukumbuka afya ya maskini wanapoihitaji mikono yake.

Pamoja na hayo, kazi njema ilifanyika. Mwaka 1911 mama mmoja, Ethel Margaret Burnside, alikuwa msimamizi wa wakunga na wauguzi katika Hertfordshire. Aliwaagiza wampime kila mtoto anapozaliwa na kumwandika katika kitabu. Muuguzi alimtembelea mtoto nyumbani, na alipotimiza mwaka mmoja alimpima tena. Waliandika uzito kwa ratili, kama alinyonya maziwa ya mama au chupa, na meno mangapi yameota. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1948. Wakunga wale hawakujua kwamba vitabu vyao vingesomwa baada ya miaka sabini. Walifanya kazi yao barabara, basi.

Katika miaka ya 1980 daktari David Barker na wenzake wa mji wa Southampton walivipata vitabu hivyo, wakaanza kuwatafuta watoto wale, ambao sasa walikuwa wazee. Mwaka 1989 walitangaza habari za wanaume 5,654: waliokuwa wadogo walipotimiza mwaka mmoja walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Halafu wakageukia nguvu. Mzee hupewa chombo kiitwacho dainamometa, anakikamua kwa mkono kwa nguvu zake zote, na mshale unaonyesha kilo. Mwaka 1998 walitoa matokeo ya wazee 717: waliokuwa na uzito mdogo katika mwaka wa kwanza walikamua kidogo. Wakapima tena kundi kubwa zaidi, watu karibu 3,000 waliozaliwa kati ya mwaka 1931 na 1939, na hapo uzito wa kuzaliwa wenyewe ulionekana wazi, hata baada ya kuondoa tofauti za urefu wa mtu mzima. Kundi jingine la Waingereza, waliozaliwa katika juma moja la Machi 1946, lilipimwa likiwa na umri wa miaka 53 na kuonyesha jambo lile lile kwa wanaume na kwa wanawake.

Mwaka 2012 wataalamu walikusanya uchunguzi wa namna hiyo kutoka mahali mbalimbali wakaujumlisha. Kwa kila kilo moja ya ziada aliyozaliwa nayo mtu, nguvu zake za kukamua zilizidi kwa kilo 0.86 hivi, na hiyo ni baada ya kusawazisha umri na urefu. Mwaka huo huo uchunguzi wa misuli ya wazee wanaume wa Hertfordshire ulionyesha kwamba waliozaliwa wadogo walikuwa na nyuzi chache zaidi katika kipande cha msuli.

Hapa tusimame kidogo, maana hesabu hii inaweza kutumiwa vibaya. Kilo 0.86 ni kidogo kwa mtu mmoja. Mwanamume wa makamo huweza kukamua kilo 40 na zaidi. Kwa hiyo asitokee mwajiri wa kuuliza watu wanaotafuta kazi walizaliwa na uzito gani, wala mtu asijione amehukumiwa tangu tumboni. Nyuzi zilizopo hunenepa kwa chakula na mazoezi, hata uzeeni. Mwaka 1990, katika mji wa Boston huko Marekani, wazee wachache sana wenye umri wa miaka 86 hadi 96 walifanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa majuma manane, na nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Lakini kilicho kidogo kwa mtu mmoja huwa kikubwa kwa kambi nzima, ambako watoto wengi huzaliwa wadogo, na wanapopita umri wa miaka arobaini nguvu zao huanza kushuka kutoka kimo cha chini. Na nguvu za mkono si za kubebea magunia tu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015, wa watu karibu 140,000 katika nchi 17, Zimbabwe ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba kila kilo tano zilizopungua ziliandamana na ongezeko la vifo la asilimia 16.

Mtoto huitwa mdogo akizaliwa na chini ya gramu 2,500. Kwa nini anazaliwa hivyo? Wengine huzaliwa kabla ya miezi kutimia. Kwa sehemu zetu, malaria ni adui wa mbele: vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma na kuziba njia ya chakula, hasa katika mimba ya kwanza, na mama anaweza asihisi homa yo yote. Safura na chakula duni humpunguzia mama damu. Moshi wa tumbaku na wa kuni humfikia mtoto. Kisha iko kazi yenyewe: kusimama kutwa, kuinama, kubeba mizigo mizito, saa nyingi bila kupumzika. Mama mja mzito anayelipwa kwa kilo za majani ya chai hapumziki, kwa sababu akipumzika hapati kitu.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema mama ndiye mwenye kosa. Hakujiwekea yeye bei ya kilo, wala si yeye aliyejenga kambi kando ya maji yaliyotuama.

Basi wajumbe wa matawi waangalie nini? Chandarua chenye dawa kwa kila mja mzito. Ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa mshahara. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mahudhurio manane kwa kila mimba, na huko ndiko hupewa vidonge vya kuzuia malaria na vya kuongeza damu. Kazi nyepesi kwa mshahara ule ule. Mkataba wa Mashamba Makubwa uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1958 ulikwisha sema kwamba mja mzito asilazimishwe kufanya kazi ya kumdhuru kabla ya likizo yake. Mkataba wa mwaka 2000 uliweka likizo ya uzazi isiyopungua majuma 14. Kwa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliandika siku 60 za kazi zenye mshahara kamili, na majuma manne kati yake lazima yawe baada ya kujifungua. Vibarua wa msimu wasome mapatano yao vizuri, kwa sababu hao ndio husahauliwa.

Tena tawi linaweza kufanya kama wakunga wa Hertfordshire. Zahanati ya shamba iwe na mizani nzima, na uzito uandikwe kwenye kadi ya mtoto siku ile ile. Kila mwisho wa mwaka mjumbe aombe hesabu tu, bila majina ya akina mama: wamezaliwa watoto wangapi, na wangapi walikuwa chini ya gramu 2,500. Hesabu ya miaka miwili au mitatu ikiwekwa mezani siku ya mazungumzo na mwajiri, karibu na ile ya tani zilizovunwa, itasomwa na pande zote mbili.