Kabla ya Kumpangia Dawati, Muulize Bibi Yake

Nikipokea mtoto asiyesikia vizuri shuleni hapa Kitomanga, mkoani Lindi, kwanza naenda kwao. Fomu ya uandikishaji huandika "ulemavu wa kusikia" ikaishia hapo. Anayemlea anajua sikio lipi lina nafuu, na huyo mara nyingi ni bibi.

Chagua saa. Msimu wa ufuta na korosho, asubuhi humkuti mtu nyumbani. Mimi naenda baada ya swala ya alasiri, natoa shikamoo, nakaa mkekani, daftari linabaki mkobani. Siulizi mtoto ana tatizo gani, kwa sababu swali hilo humfanya mlezi aanze kujitetea. Nauliza, "Bibi, akiwa nyumbani anapenda kazi gani?"

Bibi mmoja alinijibu kwa vitendo. Mjukuu alikuwa ametupa mgongo, anachambua korosho. Bibi akapiga sakafu kwa kiganja mara mbili, mtoto akageuka. Akanyoosha vidole vitatu na kuonyesha mtungi. Vikaja vikombe vitatu vya maji. Mtoto huyo alikuwa ameandikwa kuwa hajui kuhesabu!

Darasani nikachukua njia ya bibi: nagonga dawati mara mbili, mtetemo unamfikia, ndipo nasema. Mkalishe mbele, pembeni kidogo, sikio lenye nafuu likuelekee na nyuso za wenzake azione. Mwepushe na dirisha la upande wa barabara kuu, maana malori ya Lindi na Dar es Salaam yanameza sauti yote. Usiongee huku unaandika ubaoni, wala usisimame dirisha likiwa mgongoni mwako, kwani uso utakuwa gizani. Na usipige kelele; midomo inapinda, asome nini? Ishara zake wafundishe darasa zima. Watoto waliokuja na Kimwera tupu kutoka nyumbani nao huzishika haraka, na somo linawaingia kuliko maneno matupu.

Kama sikio linatoa usaha, mwambie mlezi siku hiyohiyo ampeleke kituo cha afya, asimtie mafuta wala dawa ya majani. Maambukizi ya sikio la kati yakiachwa yanaweza kutoboa kiwambo na kupunguza usikivu, na mengi yanatibika. Hili nalisisitiza kila nyumba.

Wapo wazazi wanaowaficha watoto wakidhani shule ya kawaida haiwahusu. Waeleze kwa upole, bila vitisho, kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wao haki ya kusoma hapohapo na wenzake.

Kikao cha UWAWA, yaani ushirikiano wa wazazi na walimu, kikifika, mpe bibi nafasi awafundishe wazazi wengine zile ishara. Muombe mapema, nyumbani kwake, ajiandae. Na umwache mjukuu asimame naye mbele, maana ishara nyingine amezibuni mwenyewe.