Jioni Saa Kumi na Moja, Unapika Nini? Jinsi ya Kulisha Nyumba kwa KSh 3,000 kwa Wiki

Pesa nyingi za chakula hupotea jioni. Umetoka kazini umechoka, watoto wana njaa, na hujui utapika nini. Unapita kwa kibanda unachukua sukuma ya 20, nyanya mbili, mafuta ya kupima na unga wa nusu kilo. Unalipa kwa simu, meseji inaingia, maisha yanasonga. Kesho ni hivyo hivyo. Ikifika tarehe 20, salio limeisha na hukununua kitu chochote cha anasa.

Somo la leo ni la kubadilisha hiyo hesabu. Tutaangalia pesa yako ya chakula inaenda wapi, vyakula gani vinakupa nguvu na afya kwa bei ya chini, na jinsi ya kupanga wiki nzima kwa KSh 3,000 kwa nyumba ya watu wanne: watu wazima wawili na watoto wawili wadogo. Hiyo ni kama KSh 107 kwa kila mtu kwa siku. Haitoshi nyama kila siku, lakini inatosha kushiba na kula vizuri.

Hatua ya 1: Simu yako inajua unachokula

Kabla ya kupanga bajeti, fungua meseji zako za malipo au uombe stetimenti ya siku 30 zilizopita. Chukua karatasi, chora safu tatu:

1. Chakula cha kupika nyumbani (unga, mboga, mafuta, maziwa)
2. Chakula kilichopikwa (chipsi, smokie, mandazi, chakula cha hoteli)
3. Ada na madeni (ada za kutoa pesa, ada za kutuma, riba ya mikopo ya simu)

Jumlisha kila safu. Wengi hushtuka wakifika safu ya tatu, kwa sababu ada huonekana ndogo zikija moja moja. Ada za kutoa pesa kwa ajenti hupangwa kwa viwango, kwa hivyo kutoa pesa kidogo kidogo mara tatu kwa wiki mara nyingi hukugharimu zaidi ya kutoa mara moja. Na muuzaji akiwa na nambari ya till, mara nyingi wewe mnunuzi hukatwi chochote ukilipia hapo. Muulize mama mboga wako kama anayo. Hakikisha tu jina linalotokea kwenye simu ni lake kabla ya kuweka nambari ya siri.

Hatua ya 2: Elewa bei ya kadogo

Kadogo imesaidia watu wengi. Ukiwa na 50 mfukoni huwezi kununua lita ya mafuta, na mtu asikucheke kwa hilo. Lakini ni vizuri kujua unalipia nini.

Tuseme mafuta ya kupima ni KSh 20 kwa mililita 50, na chupa ya nusu lita ni KSh 150. Nusu lita ni vipimo kumi vya mililita 50. Kumi mara 20 ni 200. Kwa hivyo ukinunua kwa kupima unalipa KSh 50 zaidi kwa mafuta yale yale. Kama nyumba yako inamaliza nusu lita kwa wiki, hiyo ni KSh 2,600 kwa mwaka, kwa kitu kimoja tu.

Bei za mtaa wako zinaweza kuwa tofauti, lakini hesabu ni ile ile: gawanya bei kwa kipimo, halafu linganisha. Mara nyingine utakuta kadogo si ghali hata kidogo, hasa kwa nyanya na vitunguu, na huna haja ya kununua nyingi zikuozee.

Shida ni kupata pesa ya kununua kikubwa mara ya kwanza. Njia mbili ambazo hufanya kazi:

- Anza na kitu kimoja. Wiki hii hamisha mafuta kutoka kwa kupima hadi chupa. Ile 50 uliyookoa, iweke kwenye akiba ya simu. Baada ya wiki tatu una 150 ya kuanzia kitu cha pili, labda sukari au maharagwe.
- Ungana na majirani. Watu watatu wakichanga, wanaweza kununua maharagwe au mahindi ya debe na kugawana kwa gorogoro. Mmoja apokee michango kwa simu, ili kila mtu awe na meseji ya kuonyesha alichotoa. Hii inazuia maneno baadaye.

Kama unalipwa kila siku, usingoje mwisho wa wiki. Kila ukipokea pesa, ondoa sehemu ya chakula kwanza na uiweke kando kwenye akiba, mbali na salio la kawaida. Pesa iliyo kwenye salio la kawaida huitikia kila anayeiita.

Hatua ya 3: Jua vyakula vinavyokupa faida kubwa kwa shilingi

Chakula cha bei nafuu si lazima kiwe ugali na chumvi. Vyakula vyetu vya kawaida vina kila kitu ukivipanga vizuri.

*Mahindi na maharagwe.* Githeri si chakula cha boarding peke yake. Nafaka ina upungufu fulani wa protini ambao jamii ya kunde huujaza, na kunde nazo hujazwa na nafaka. Ndiyo maana githeri, wali kwa ndengu, na ugali kwa maharagwe ni milo inayojenga mwili hata bila nyama.

*Omena.* Samaki hawa wadogo wa Ziwa Victoria huliwa mzima pamoja na mifupa, kwa hivyo unapata protini na madini ya kalsiamu kwa pesa kidogo. Waoshe kwa maji moto, wakaushe, kisha wakaange na kitunguu na nyanya. Watoto wakikataa, wasage uchanganye kwenye mchuzi.

*Mboga za kienyeji.* Managu, terere, kunde, saga na mchicha zina madini ya chuma na vitamini A. Zipike kwa mafuta kidogo, kwa sababu mwili huchukua vitamini A vizuri zaidi pakiwa na mafuta. Osha mboga kabla ya kukata, si baada, na usiziache motoni hadi zigeuke rangi ya kijivu. Vitamini C huharibika kwa kupikwa sana.

*Limau na nyanya.* Chuma kilicho kwenye maharagwe na mboga huingia mwilini vizuri zaidi ukila pamoja na kitu chenye vitamini C. Kamulia limau kwenye maharagwe, au weka kachumbari kando. Na chai? Ngoja kama saa moja baada ya kula. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza chuma unachopata, na hili ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito na watoto.

Jambo moja la usalama: mahindi au karanga zenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida, usinunue hata kama ni nusu bei. Sumu ya aflatoksini haiishi kwa kuchemsha. Ukikuta gorogoro ya bei ya kutupa, angalia punje kwa karibu kwanza.

Hatua ya 4: Orodha ya wiki

Bei hizi ni za mfano. Ziandike upya kwa bei za soko lenu.

- Unga wa mahindi, pakiti 3 za kilo 2: 450
- Maharagwe, gorogoro 1: 300
- Mahindi makavu, gorogoro 1: 120
- Ndengu, kilo 1: 150
- Mchele, kilo 1: 150
- Mafuta, nusu lita: 150
- Omena: 100
- Mayai 6: 90
- Chumvi: 20
- Mboga, nyanya, vitunguu na matunda, 80 kwa siku: 560
- Moto (makaa, mafuta taa au gesi): 400
- Majani, sukari na maziwa ya chai: 460

Jumla ni KSh 2,950. Zile 50 zinazobaki zinaenda kwenye akiba, si kwenye soda.

Vitu vya kukaa, yaani kuanzia unga hadi chumvi, vinunue mara moja. Ukiwa karibu na soko kubwa kama Marikiti au Githurai jijini Nairobi, Kongowea Mombasa au Kibuye Kisumu, bei huwa afadhali. Lakini hesabu nauli pia. Kwenda na kurudi kwa 100 ili uokoe 60 si kuokoa.

Mboga na matunda nunua kila siku au baada ya siku mbili, na ufuate msimu. Wakati wa mvua sukuma na mboga za kienyeji huwa tele na bei hushuka. Kiangazi cha Januari na Februari sukuma hupanda, na hapo kabichi huenda ikakufaa zaidi, kwa sababu moja hugawanywa siku mbili.

Hatua ya 5: Menyu ya jioni

- Jumatatu: githeri na kabichi
- Jumanne: ugali, omena na sukuma
- Jumatano: wali na ndengu, ndizi mbivu
- Alhamisi: ugali, mayai ya kukaanga na nyanya, managu au terere
- Ijumaa: githeri na kunde
- Jumamosi: ugali, ndengu na mchicha
- Jumapili: wali, maharagwe ya limau, kachumbari na ovakado

Asubuhi ni uji au chai. Pika chakula cha jioni cha kutosha ili kibaki cha mchana wa kesho. Mtu anayebeba githeri kazini hanunui chakula cha 150 saa saba. Kwa siku tano za kazi hiyo ni KSh 750, robo ya bajeti yetu ya wiki nzima.

Hatua ya 6: Usichome akiba kwenye jiko

Maharagwe ni nafuu dukani lakini yanaweza kuwa ghali jikoni. Yaloweke usiku kucha, mwaga hayo maji, kisha chemsha kwa maji mapya. Yataiva haraka na hayatasumbua tumbo. Yaache yatokote vizuri, usiyapike kwa moto wa kufifia tangu mwanzo, kwa sababu maharagwe yasiyoiva yanaweza kukuumiza.

Ukiwa na friji, chemsha ya wiki nzima siku moja, gawanya kwenye mikebe, na uweke kwenye sehemu ya barafu. Bila friji, chemsha ya jioni na ya kesho mchana tu, na uyachemshe tena kabla ya kula. Kama mtaani kwenu kuna mama anayeuza githeri au maharagwe yaliyochemshwa tayari, piga hesabu bila aibu. Yeye huchemsha sufuria kubwa kwa moto mmoja. Mara nyingine kununua kwake ni nafuu kuliko makaa yako.

Na mwezi ukikaza?

Hapa ndipo mambo huharibika. Pesa ikipungua, watu wengi hukata mboga na matunda kwanza, halafu maharagwe, wanabaki na ugali. Wengine hukopa kwa simu ili kununua unga. Chakula huisha usiku huo, deni linabaki na ada zake, na mshahara ukiingia unakatwa kabla hujaushika. Mwezi unaofuata unaanza ukiwa na upungufu tayari, unakopa tena.

Kwa hivyo panga mapema utakata nini. Pendekezo letu: kata safu ya pili kwanza, yaani chakula cha kununua. Kisha mchele, weka ugali au githeri mahali pake. Kisha punguza maziwa na sukari ya chai ya watu wazima. Mboga na maharagwe yawe ya mwisho kuguswa, hasa kama kuna watoto nyumbani. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha mkopo, zungumza na mama mboga. Deni la 100 kwake, unalolipa Ijumaa kama mlivyokubaliana, halina riba. Lakini lilipe siku hiyo hiyo, kwa sababu uaminifu wako ndiyo akiba yako kwake.

Kazi ya wiki hii

1. Leo: fungua meseji za siku 30 na ujaze zile safu tatu.
2. Kesho: uliza bei za vitu kumi sokoni na uziandike kwenye orodha yako.
3. Siku ya kulipwa: weka pesa ya chakula kando kabla ya kulipa kitu kingine, halafu nunua vitu vya kukaa kwa mara moja.
4. Jumapili jioni: bandika menyu ukutani, ili anayefika nyumbani kwanza ajue cha kuinjika.

Ukifanya hivi kwa wiki nne, linganisha stetimenti mpya na ya zamani. Angalia safu ya tatu zaidi. Hiyo ndiyo pesa iliyokuwa yako tangu mwanzo, na sasa inaweza kununua mayai.