HAKI YA ALIYEJERUHIWA, NA WAKATI WA KUMWENDEA WAKILI

Amma baad. Miongoni mwa haki zinazotupotea sisi watu wa Pwani, na huku tumenyamaza, ni haki ya mtu aliyejeruhiwa kwa uzembe wa mwengine. Mtu hugongwa na matatu au bodaboda akavunjika mguu, au akafa akaacha mayatima. Kisha huja watu na bahasha ya pesa na karatasi iliyokwisha kuandikwa, na wenye msiba hutia saini, wakasema: "Ndivyo alivyokadiria Mola."

Kuridhika na kadari ni wajibu. Walakini kuridhika huko hakumwondolei mwenye kosa dhamana yake. Lau ingalikuwa hivyo, isingaliwekwa diya juu ya aliyeua kwa kukosea, nayo imetajwa katika aya ya 92 ya Suratun-Nisaa. Katika aya hiyo hiyo jamaa za maiti wameruhusiwa kusamehe. Basi kusamehe ni jema. Lakini asameheye ni mwenye haki, naye awe anajua anachokisamehe. Ama fungu la yatima, ami yake hawezi kulisamehe, wala mama yake. Mlezi ni amini wa mali ile, si mwenyewe. Na sheria ya Kenya yaelekea huko huko: kesi ya mtoto haimalizwi kwa suluhu illa kwa idhini ya korti.

Fidia ya korti si diya. Msingi wake ni uzembe: mdai athibitishe kwamba mwenziwe hakuchukua hadhari iliyompasa, na kwamba madhara yametokana na hayo. Korti hutazama maumivu, gharama za matibabu, na chumo lililopotea. Ikiwa aliyeumia naye alikuwa na sehemu ya kosa, hupunguziwa kwa kadiri yake.

Yatupasa kujua mambo matatu.

La kwanza ni ushahidi. Ajali iandikishwe polisi, na ichukuliwe ile hati waiitayo abstrakti. Fomu ya P3 ijazwe na daktari. Nambari ya gari, majina ya mashahidi, karatasi za hospitali na kila risiti, hata ya dawa ndogo, ziwekwe pamoja. Haki isiyo na ushahidi ni kama deni lisiloandikwa.

La pili ni muda. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Yakiwa juu ya Serikali, ndani ya miezi 12. Aliyeumia kazini ana njia nyengine chini ya sheria ya mwaka 2007: amwarifu mwajiri wake upesi, na madai yapelekwe ndani ya miezi 12, nayo huamuliwa na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Huko hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Na aliyelemaa kabisa maisha yake, fidia yake huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96.

La tatu ni bima. Kila gari la barabarani lalazimika kuwa na bima ya watu wengine. Lakini kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa dai moja. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari.

Basi ni wakati gani wa kutafuta wakili? Jeraha likiwa dogo, limepona, na mwenye kosa amekiri na kulipa gharama, suluhu ya watu wazima yatosha, iandikwe mbele ya mashahidi. Lakini ikiwa pana kifo, au kilema cha kudumu, au aliyeumia ni mtoto, au kosa lina ubishi, au gari ni la Serikali, mwendeeni wakili mapema. Na mwendeeni kabla ya kutia saini karatasi yoyote isemayo kwamba mmepokea haki yenu yote. Kwani baada ya saini hiyo, kurudi nyuma ni kuzito.

Wakili naye achaguliwe kwa hadhari. Madalali wazungukao hospitalini kuwatafutia mawakili wateja wanavunja sheria. Msiwape karatasi zenu. Ulizeni Chama cha Mawakili kama mtu huyo ana cheti cha mwaka huu. Ujira uandikwe tangu mwanzo. Mapatano ya kuwa wakili alipwe akishinda tu, na akishindwa asilipwe, sheria ya mawakili haiyakubali. Fidia ikija, takeni hesabu yake kwa maandishi. Akiwadhulumu, iko Tume ya kupokea malalamiko juu ya mawakili. Na asiye na uwezo aende Kituo Cha Sheria, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Sheria.

Limebaki neno moja. Anayejifunga bendeji pasi na jeraha, au akajiandikisha katika ajali asiyokuwamo, huyo anakula mali ya watu kwa batili, naye huwaharibia waliojeruhiwa kweli kweli, kwani kila mdai huja akatiliwa shaka. Tudai kilicho chetu, wala tusizidishe hata shilingi moja. Na cha yatima tukidai kwa bidii zaidi kuliko chetu, kwani yeye hawezi kujisemea.

Wabillahi ttawfiq.