Simu ya megapikseli 108 itakuuzia vitenge?

Unataka kutoa hela ya mzigo ukanunue simu ya megapikseli 108? Subiri kwanza. Instagram inaipunguza picha yako hadi upana wa pikseli 1080. Ukiposti 1080 kwa 1350, hiyo ni kama megapikseli 1.5 tu. Hata kasimu kako ka zamani kanazo.

Kinachorudisha mzigo ni rangi. Mteja kaona damu ya mzee, kapokea nyekundu, anataka hela yake. Piga mchana, mlangoni au dirishani, taa ya ndani zima, maana njano yake inaharibu rangi. Futa lenzi (mafuta ya vidole hayo jamani!). Ile ya kufifisha nyuma izime, inakula pindo za kitenge. Usivute zumu, sogea wewe.

Cha kulipia labda ni video isiyotikisika, kama unaonyesha nguo huku unatembea.