Pikipiki ya Jirani na Njia ya Wote



Somo letu safari hii linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini limewafanya majirani wengi wakapitana bila kusalimiana. Ni pikipiki inayopakiwa katikati ya njia ya miguu.

Hapa kwetu Rusinga njia hizi ndizo tunazopita kwenda ziwani, dukani, shuleni na kanisani. Mama anapita na karai la omena kichwani, hawezi kuinama kutazama miguu yake. Mtoto anapita mbio. Mzee anapita na fimbo, na asiyeona anapita kwa kukumbuka njia ilivyokuwa jana. Pikipiki ikisimama hapo, wote hawa lazima waingie matopeni au kwenye miiba.

Kwa nini shida hii imeongezeka?

Bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia, miaka ya 1960. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na vijana wengi wakazinunua. Kazi hii inalisha nyumba nyingi. Mama akishikwa na uchungu usiku, pikipiki hiyo hiyo ndiyo inayomwahisha hospitali. Basi tusiseme pikipiki ni adui. Shida ni kwamba njia zetu zilikanyagwa na miguu ya babu zetu, na hakuna aliyetenga mahali pa pikipiki kulala.

Hatari yake

Bomba la moshi hubaki moto hata baada ya injini kuzimwa. Mtoto akipita karibu huungua mguu. Akiungua, mwagia hapo maji safi ya baridi yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Ngozi ikitoa malengelenge, mpeleke kituo cha afya. Tena pikipiki ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ikisimama kwenye udongo laini inaweza kumwangukia mtoto.

Neno linasemaje?

Mambo ya Walawi 19:14 inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Jirani anaweza kuacha kikwazo bila chuki yoyote, lakini kipofu ataanguka vilevile. Na Matayo 18:15-16 inatupa utaratibu: kwanza nenda kwa ndugu yako peke yenu wawili, asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe. Wengi wetu tunageuza utaratibu huu. Tunaanza na watu wote kisimani, na mwenyewe anasikia mwisho.

Hatua za kufuata

1. Ijue njia. Je, ni njia ya umma, au inapita ndani ya shamba lake? Muulize mzee wa kijiji. Kama ni shamba lake, tunapita kwa hisani yake, na tunakwenda kuomba, si kudai.

2. Jua sababu yake. Pengine anaogopa wezi, anataka ilale karibu na mlango. Pengine kwake kuna matope na stendi inazama. Pengine ni ya mkopo, na ikipotea yeye ndiye atakayelipa.

3. Tafuta mahali kabla ya kwenda. Pikipiki inahitaji nafasi ya karibu mita 2 kwa mita 1 tu. Jiwe bapa chini ya stendi huizuia kuzama, na mawe hapa kwetu hayakosi. Nguzo imara na mnyororo humpunguzia hofu ya wezi. Kikundi kinaweza kusafisha mahali hapo asubuhi moja.

4. Nenda peke yako, wakati mzuri. Si alfajiri anapokimbilia abiria, wala si mbele ya wenzake stejini. Sema jambo moja tu: "Omera, habari ya jioni. Nimekuja kwa ajili ya njia. Mama yetu mzee jana alishindwa kupita. Tumeona hapo kando panafaa, tutakusaidia kuweka jiwe." Usichanganye na mbuzi waliokula mahindi mwaka jana.

5. Asiposikia, rudi na mtu mmoja anayemheshimu, kama vile mwenyekiti wa steji yake.

6. Ikishindikana, peleka kwa mzee wa kijiji, kisha kwa naibu chifu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inatambua upatanisho na njia za jadi za kumaliza ugomvi, mradi zisivunje haki za mtu. Na kama ni barabara ya umma, Sheria ya Trafiki inakataza kuacha chombo kikiziba wengine.

Mambo ya kuepuka

Usitoboe gurudumu, usimwage petroli, usiisukume pikipiki mwenyewe. Ikianguka, wewe uliyekuwa na haki utakuwa mwenye deni.

Mkikubaliana, acheni upana ambao mama mwenye karai na mtoto wake wanapita bila kugeuka ubavu. Kiti cha magurudumu peke yake kinahitaji karibu sentimita 90. Kisha mshukuruni jirani. Mtu aliyeshukuriwa huona haya kurudia.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni njia zipi zimezibwa, na nani anaumia zaidi?
2. Je, sisi wenyewe tumeweka nini njiani: kuni, nyavu, mchanga wa kujengea, ng'ombe aliyefungwa?
3. Ni mahali gani tunaweza kusafisha mwezi huu ili pikipiki zilale?
4. Nani ataenda kuzungumza na jirani, na lini?

Andikeni jina na siku kwenye kitabu cha kikundi kabla ya sala ya kufunga. Kazi isiyo na mwenyewe hailimwi.